Kinga ya mtoto ikishuka, anza kumwangalia kifaranga

Mzazi ambaye mtoto wake ameanza dawa za saratani akiruhusiwa kurudi nyumbani, swali la wanyama huja mapema, na mara nyingi linamhusu paka: "Daktari, tumtoe?" Kuku hawaulizwi. Kuku wanalala jikoni, vifaranga wamefunikwa kwa tenga hatua mbili kutoka kwenye kitanda cha mgonjwa, na hakuna anayewataja, kwa kuwa kuku kwetu ni mboga na akiba ya shida. Kwa sisi tunaoshughulika na magonjwa yanayotoka kwa wanyama, hofu hii imesimama kichwa chini miguu juu.

Watoto ninaowazungumzia ni hawa: wanaotibiwa saratani, waliopandikizwa figo, wanaomeza prednisoloni (dawa inayoshusha kinga) kwa wiki nyingi kwa sababu ya ugonjwa wa figo, wenye utapiamlo mkali, na wenye VVU ambao virusi vyao bado havijafubazwa na ARV. Waongeze watoto wenye selimundu. Hawa husahaulika, maana katikati ya vipindi vya maumivu mtoto anacheza kama wenzake. Lakini wengu wake, kiungo kinachochuja vijidudu kwenye damu, huanza kuharibika tangu akiwa mdogo.

Sasa kifaranga. Kuku anaweza kubeba salmonela, bakteria ya kuharisha, tumboni bila dalili yoyote, akaitoa kwenye kinyesi, ikaganda kwenye manyoya, miguuni na sakafuni anakopita. Mtoto humshika kifaranga, humweka shavuni, humbusu, kisha hula andazi kwa mkono uleule. Mtoto wa kawaida ataharisha siku chache, yaishe. Kwa mwenye selimundu, vijidudu huweza kupenya utumbo, kuingia kwenye damu na kwenda kukaa kwenye mifupa, hasa pale ambapo damu haikupita vizuri wakati wa maumivu. Mama anaona mguu umevimba, anadhani ni maumivu yaleyale ya kila mara, anatoa panadoli. Maumivu yaliyong'ang'ania sehemu moja, pamoja na homa isiyoshuka, ni ya kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Na ile penisilini anayokunywa kila siku hadi atimize miaka mitano inamkinga na kidudu kinacholeta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Usiitegemee kwa salmonela.

Kwa hiyo kuku walale bandani, nje ya nyumba, na mtoto huyu asipewe vifaranga wa kuchezea. Wanaofuga kobe nao wajue kwamba salmonela huishi kwenye matumbo ya kobe na mijusi pia. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wadogo wenye gamba lisilofika inchi 4, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni.

Paka analaumiwa kwa toksoplazma, na kimelea hicho kweli ni cha hatari kwa mtoto mwenye kinga dhaifu. Ila paka huambukizwa akila panya au nyama mbichi, kisha hutoa mayai ya kimelea kwenye kinyesi kwa wiki moja hadi tatu hivi, kwa kawaida mara moja tu maishani. Mayai hayo yakitoka hayaambukizi papo hapo. Huhitaji siku 1 hadi 5. Kinyesi kikizolewa kila siku na mtu mzima mwenye afya, asiye mjamzito, hatari inapungua sana. Paka mzee anayelala kwenye kochi na kula chakula kilichopikwa simwogopi. Naogopa lile lundo la mchanga wa ujenzi uani, ambalo paka wa mtaa mzima wamelifanya choo na watoto wamelifanya uwanja. Lifunikeni kwa turubai. Na nyama isiyoiva vizuri nayo huleta toksoplazma, hata nyumba isiyo na paka.

Paka mdogo ni habari nyingine: anakwaruza, ana viroboto, anaambukiza choa. Mtoto wa mbwa ana minyoo na mara nyingi anaharisha. Dawa ya minyoo huanza akiwa na wiki mbili. Mbwa yeyote asilambe kidonda wala sehemu ilipochomekwa sindano ya dripu.

Kichaa cha mbwa hakichagui kinga. Mbwa achanjwe kila mwaka. Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali. Huko, taja ugonjwa wake na dawa anazotumia: mtoto mwenye kinga dhaifu huhitaji chanjo kamili pamoja na sindano ya kingamwili, hata kama mkwaruzo ni mdogo.

Kinyesi cha njiwa kikishakauka darini hupeperusha kuvu wanaoweza kushambulia mapafu na ubongo. Kinyunyiziwe maji kabla ya kufagiliwa, mtoto akiwa mbali.

Je, wanyama waondolewe? Mnyama aliyekomaa, mwenye afya, aliyechanjwa, mimi humwacha. Mtoto amekatazwa shule, nywele zimenyonyoka, marafiki hawaji. Kumnyang'anya na paka wake ni kumwongezea adhabu. Ila msilete mnyama mpya wakati wa matibabu, hasa mchanga au anayeharisha, na mtoto anawe mikono kila anapomgusa.

Homa ikifika nyuzi 38 kwa mtoto aliye kwenye dawa za saratani, msingoje kuche. Mkifika, mweleze daktari kuna wanyama gani nyumbani, kuku wakiwemo. Bakteria wanaoingia mwilini kwa mkwaruzo wa paka hawaoti kirahisi kwenye vipimo vya kawaida vya damu; hutafutwa pale daktari anapowashuku. Mwonyesheni alama za makucha hata kama zimeshakauka.