Je, wajua kwa nini mshindi wa Oscar wa mwaka 1957 hakuonekana?

Tarehe 27 Machi 1957, mjini Los Angeles, Robert Rich alitangazwa mshindi wa Oscar ya hadithi bora ya filamu. Alikuwa ameandika The Brave One, kisa cha mtoto wa Mexico na fahali wake anayepelekwa uwanjani kuuawa. Hakuinuka mtu. Jesse Lasky Jr., kiongozi katika chama cha waandishi, akampokelea na kueleza kwamba mwenzake yuko hospitali, mkewe anajifungua. Waandishi wa habari wakamsaka Rich hospitalini, wasimpate.

Jina hilo liliazimwa kwa mpwa wa watayarishaji wa filamu, ndugu waliojulikana kama King Brothers. Aliyeandika ni Dalton Trumbo, mwandishi wa filamu ambaye Hollywood ilikuwa imekula kiapo cha kutomwajiri.

Oktoba 1947 kamati ya Bunge la Marekani ilimwita na kumuuliza kama ni mkomunisti. Aligoma kujibu ndiyo au hapana. Wengi hudhani alifungwa kwa ukomunisti, lakini kosa aliloshtakiwa ni kulidharau Bunge. Yeye na wenzake tisa wa Hollywood walisimamia uhuru wa maoni, wakaacha kwa makusudi kinga ya kutojitia hatiani, ambayo ingewaepusha na jela. Tegemeo lao lilikuwa Mahakama ya Juu. Kiangazi cha 1949 wakafariki majaji wawili waliotarajiwa kuwaunga mkono, na mwaka uliofuata mahakama ikakataa kuisikiliza rufaa. Hukumu ya Trumbo, mwaka mmoja jela na faini ya dola 1,000, ikabaki palepale. Alitumikia kifungo chake Ashland, Kentucky, kwa takriban miezi kumi.

Studio zilimfungia mlango wa mbele, ila njaa yao ya hadithi nzuri haikuisha. Njia ya kwanza ya kupenya ilikuwa kumtumia mwandishi halisi mwenye jina safi. Huyo ndiye anayeingia vikaoni, anatetea maneno ambayo hakuyaandika, anapokea hundi kisha anamfikishia mwenyewe fedha. Ian McLellan Hunter alimfanyia Trumbo hivyo kwa Roman Holiday, na hadithi hiyo iliposhinda Oscar mwaka 1954, tuzo ikatoka kwa jina la Hunter. Udhaifu wa njia hii ni kwamba mwenye kuazimisha jina naye huweza kuandamwa. Hunter mwenyewe aliishia kwenye orodha nyeusi, yaani ya watu ambao studio zilikataa kuwaajiri.

Njia ya pili ni jina la bandia. Haihitaji mtu wa kukaa vikaoni, lakini bei huanguka vibaya, maana mnunuzi anajua huna pa kwenda kulalamika. Hata kwa jina la kuazima bei ilianguka: Trumbo aliyekuwa akilipwa dola 75,000 kwa muswada mmoja alipata 3,750 kwa filamu ya Gun Crazy, iliyotoka kwa jina la mwandishi mwingine, Millard Kaufman. Ili familia ipate kula, ilimbidi aandike mingi, na upesi. Alifanya kazi usiku, mara nyingi akiwa ndani ya beseni la kuogea, ubao umelazwa juu ya maji, karatasi na sigara mbele yake.

Januari 1959 alikiri hadharani kuwa yeye ndiye Robert Rich. Mwaka uliofuata mwongozaji Otto Preminger kwa filamu ya Exodus na mwigizaji Kirk Douglas kwa Spartacus wakamwandika kwa jina lake halisi. Sanamu ya Oscar ya The Brave One alikabidhiwa 1975, mwaka mmoja kabla ya kufa. Ile ya Roman Holiday ilipokewa na mjane wake, Cleo, mwaka 1993.