Kabla ya kulaumu watu, kagua vitufe

Kazi yangu ni kusanifu majukwaa ya majadiliano, na kila mara naulizwa: mbona watu wakiingia mtandaoni wanakuwa wakali? Mimi huanza na vitufe. Tabia za watu baadaye.

Chukua Facebook. Mwaka 2017 algoriti yake, yaani programu inayoamua machapisho yapi uyaone kwanza, ilianza kuihesabu emoji ya hasira, kama emoji nyingine za hisia, sawa na laiki 5. Chapisho lililoudhi likapandishwa juu, likaonwa na wengi zaidi, likaudhi wengi zaidi. Wanasiasa si wajinga, waliona kipi kinalipa. Uzito wa emoji hiyo ulishushwa hadi sifuri mwaka 2020. Hesabu mwenyewe chaguzi zilizopita hapo katikati.

Taiwan walijaribu kinyume chake. Mwaka 2015, mchakato wa vTaiwan, wa kushauriana na wananchi mtandaoni kuhusu sheria, ulijadili suala la Uber kwa programu ya Polis. Mshiriki anaandika kauli fupi. Wengine wanabonyeza nakubali, sikubali au napita. Basi. Hakuna pa kujibu. Ukichukizwa na kauli ya mtu huwezi kumvaa. Andika yako, uone nani atakuunga mkono. Programu nayo inawapanga watu kwa jinsi walivyopiga kura, kisha inaonyesha kauli zinazokubalika kwa makundi yote. Watetezi wa teksi na wa Uber, ambao hawakuwa wakipikika chungu kimoja, wakakutana kwenye bima ya abiria.

Wenzangu wengi hushangilia hapa. Mimi nasita. Serikali haikulazimika kuyafuata matokeo, na hoja ndefu haiingii kwenye herufi 140, kikomo cha kauli ya Polis.

Ndiyo maana naipenda zaidi Wikipedia, ambako kubishana ni ruksa: kila makala ina ukurasa wake wa majadiliano. Kilichobanwa ni kutengua kazi ya mwenzio. Kwenye toleo la Kiingereza, ukizidisha mara 3 katika makala moja ndani ya saa 24 unaweza kufungiwa. Na kwa kuwa makala ni moja tu, mahasimu wote wanapigania sentensi ileile. Asiyeweza kuifuta inabidi alete chanzo.

Anayeumia ni mgeni. Anaandika sentensi, mkongwe anaitengua kwa kifupisho cha kanuni asichokielewa, anairudisha, inatenguliwa tena. Wengi hawafiki hata huo ukurasa wa majadiliano.