PF3, fomu ya polisi inayojazwa na daktari, imeandikwa "hakuna majeraha". Ndiyo basi?

Binti yetu alibakwa, daktari akajaza kwenye PF3 kwamba hana majeraha. Ndugu wanasema hapo kesi imekufa.

Haijafa. Wengi wanaobakwa, wakubwa kwa watoto, hukutwa hawana jeraha lolote sehemu za siri. Mwingine aliganda kwa hofu, mwingine alishikiwa kisu. Sheria ya Tanzania yenyewe haidai jeraha: kupenya, hata kidogo, kunatosha. Na Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi kuwa ushahidi bora wa kubakwa hutoka kwa aliyebakwa.

Kizinda je? Si kingeonyesha?

Hapa ndipo watu wanapopotoka zaidi, wakiwemo baadhi ya wahudumu wa afya. Kizinda si ngozi ya ngoma inayosubiri kupasuliwa. Ni ukingo laini wenye uwazi, kwenye mlango wa uke. Hedhi ingepita wapi? Msichana akibalehe, ukingo huo hunenepa na kunyumbuka. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wasichana 36 waliokuwa na mimba au waliotoka kuwa nayo: 2 tu ndio waliokutwa na alama za wazi za kuingiliwa. Wenye mimba hao! Mpasuko mdogo nao hupona kwa siku chache, mara nyingi bila kovu. Kwa hiyo anayeandika "si bikira" hajajibu chochote. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitaka vipimo vya ubikira vikomeshwe tangu 2018.

Mtoto ana wekundu. Ni ushahidi?

Peke yake, hapana. Minyoo, sabuni, hata chupi ya kubana huleta wekundu. Kisonono kwa mtoto aliyevuka uchanga ni habari nyingine: hicho huelekeza kwenye kuingiliwa. Michubuko mwilini huandikwa na kupigwa picha, ila rangi yake haisemi ilitokea siku gani. Mingine huibuka kesho yake, basi mrudisheni hospitali aonekane tena.

Ameshaoga. Tumechelewa?

Nendeni hivyo hivyo. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72 na humezwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ni hadi saa 120, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Nguo alizovaa msizifue. Zitieni kwenye mfuko wa karatasi, siyo wa plastiki, maana unyevu huota ukungu ukaharibu vielelezo.