Sifa ya kununua haijui maji kupwa

"Mwanangu, niandikie sifa ishirini. Wageni hawasomi kitu kingine siku hizi."

Aliyesema hayo ni mzee mmoja mwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita huko Jambiani, Unguja. Sifa alizozitaka ni yale maoni ambayo wageni waliolala huyaandika mtandaoni. Kazi yangu ni kuwasaidia watu kama yeye, Unguja na Pemba, kuuza vyumba mtandaoni: picha, bei, kuwajibu wageni. Nikamwambia, "Ami, sifa siandiki. Aandike aliyelala." Alinuna. Wiki mbili baadaye sifa zikatokea, kumbe amempata wa kumwandikia.

Nilizisoma zote. Moja ilisema bahari iko mlangoni na unaogelea saa yoyote. Hapo ndipo mwongo anaponaswa. Pwani ya mashariki, kuanzia Paje hadi Jambiani, maji yakikupwa bahari hurudi mbali karibu na mwamba. Siku za bamvua mgeni hutembea kwa muda mrefu kuyafuata, akipita kwenye vitalu vya mwani. Aliyelala pale hata usiku mmoja ameyaona hayo, na mara nyingi atayataja. Mgeni wa kweli ataandika pia jogoo, adhana ya alfajiri, umeme uliokatika, mkate wa kumimina aliopewa asubuhi. Mimi mwenyewe nikitafuta pa kulala ugenini, naanza na sifa zenye lalamiko ndani yake.

Wenye nyumba ndogo ndio wanaoshawishika zaidi, na hilo limechunguzwa. Mwaka 2014 Dina Mayzlin, Yaniv Dover na Judith Chevalier walichapisha utafiti wa hoteli za Marekani. Walilinganisha mitandao miwili ya wasafiri: Expedia, ambako anayeandika ni lazima awe amelipia chumba, na TripAdvisor, ambako yeyote anaweza kuandika. Hoteli za kujitegemea za wamiliki wadogo zilikuwa na sifa nzuri nyingi zaidi kule kusiko na malipo ya kuthibitisha, na hoteli zilizopakana nazo zilisemwa vibaya zaidi hukohuko. Nikiusoma naiona pwani yetu, nyumba na nyumba zimetenganishwa na ua wa makuti tu.

Sisi tunaifahamu biashara hii tangu kabla ya intaneti. Papasi, yule anayewafuata wageni mitaani na kuwaongoza, akimpeleka mgeni duka fulani Mji Mkongwe na kulisifia njia nzima, mwenyeji anajua kuna kamisheni. Mgeni hajui. Kamisheni yenyewe siipingi, watu wanakula kwayo. Ninachokipinga ni kuificha. Ni hivyohivyo kwa kijana mwenye wafuasi wengi anayepewa chumba bure siku tatu, akapiga picha machweo, asiseme hakulipa. Hilo ni tangazo, na msomaji ana haki ya kuambiwa.

Marekani kanuni ya kupiga marufuku sifa za uongo ilianza kutumika Oktoba 2024, na Uingereza sheria yao ikaanza Aprili 2025, ikiitaka hata mitandao yenyewe ichukue hatua. Uchujaji wa mitandao nao umekaza. Programu zinaangalia akaunti iliyoandika mara moja tu maishani, sifa nyingi kumwagika siku chache, maneno yanayofanana.

Sifa za yule mzee zilifutwa ndani ya mwezi. Lakini chujio halikuchagua vizuri: likaondoka pia andiko la wazee wawili wa Kijerumani waliokaa siku kumi, wakamsifia mkewe kwa upishi wake na kueleza alivyowafundisha kukuna nazi kwa mbuzi. Lile lilikuwa la kweli kila neno. Niliandika mara tatu kuomba lirudishwe, kila mara nikajibiwa kwa barua ileile. Hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu Bi mkubwa alikuwa ametafsiriwa lile andiko na kulihifadhi moyoni.

Sasa mzee anafanya nilivyomwomba tangu mwanzo. Mgeni akiondoka anaombwa aandike alichokiona, bila punguzo wala zawadi. Wa kwanza aliandika kwamba chandarua kina tundu. Ami alinipigia simu akifoka, kisha akapanda daladala kwenda Darajani kununua vyandarua sita. Jioni tukaandika jibu pamoja, mistari miwili: tumebadilisha, na ahsante kwa kutuambia.