Bamvua si dhoruba, wala haina mvua ndani yake

Masika yaliyopita nilimsikia mtangazaji mmoja redioni akiwatahadharisha wakazi wa mabondeni kuwa "bamvua ya mvua kubwa" inakaribia, na jioni hiyo hiyo ujumbe ukazunguka kwenye simu ukiiita tsunami ndogo. Bamvua ni maji makuu, yanayojaa sana na kupwa sana siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na tena baada ya mwezi mpevu, kwa kuwa jua na mwezi huvuta bahari katika mstari mmoja. Katikati ya bamvua mbili huja maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana. Maana yake ni hiyo tu.

Kosa, nadhani, ni la sikio: mtu wa bara husikia "mvua" mwishoni mwa neno na kuanza kutafuta mawingu. Lakini bamvua huja hata Januari jua likiwaka, na mama anayekwenda kuchokoa pweza huisubiri kwa ajili ya kupwa kwake, maana ndipo mwamba hubaki wazi hadi mbali. Neno pwani lenyewe limetokana na huko kupwa, si kujaa.

Kwa anayetabiri mafuriko ya miji ya pwani, tofauti hii si ya ufundi wa lugha peke yake. Bamvua hupigiwa hesabu, na jedwali la maji la bandari huonyesha saa na dakika za mwaka mzima ujao. Maji ya dhoruba hayana jedwali: upepo huisukuma bahari ipande ufukweni, na hewa ikipungua mgandamizo, kila hektopaskali moja (kipimo cha mgandamizo wa hewa) inayopungua huinua maji kwa takriban sentimita moja, mambo ambayo hujulikana siku chache tu kabla, mara njia ya kimbunga inapoanza kueleweka. Mtabiri hujumlisha maji ya bamvua na maji ya dhoruba, kisha huuliza vitakutana saa ngapi.

Tazama Beira, Msumbiji, ambako maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 6. Kimbunga Idai kilipiga hapo usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, mwezi ukiwa robo ya kwanza, yaani wakati wa maji mafu. Mji ulivunjwavunjwa hata hivyo, na mito Pungwe na Buzi ikamalizia kazi kwa kufurika mashambani. Wiki moja baadaye, tarehe 21, mwezi ulikuwa mpevu na jua liko juu ya ikweta, hali inayoleta bamvua kubwa kuliko za kawaida. Dhoruba ile ile, kwa upepo ule ule, ingeikuta bahari imekwisha kujaa kwa zaidi ya mita moja ya ziada kabla haijasukumwa hata kidogo.

Ninakiri kwamba mvua na bamvua hukutana. Dar es Salaam maji ya bamvua hujaa kwenye saa kumi hivi, alfajiri na jioni, na Mto Msimbazi ukiwa umefura kwa mvua za bara, maji yake hukuta mlango wa bahari umejaa pale kwenye daraja la Salender, yakapunguza mwendo na kurudi nyuma kuelekea Jangwani. Bahari haikuyaleta maji hayo, imeyachelewesha kutoka.

Kwa hiyo mtangazaji yule alikuwa na habari ya kweli mkononi, ila aliifunga vibaya. Angesema "mvua kubwa itanyesha wakati wa bamvua, na maji yatajaa saa kumi jioni", mkazi wa bondeni angejua ahamishe godoro saa ngapi.