Cortés hakuiteka Mexico na watu 500

Dhana: Wahispania mia tano waliiangusha himaya nzima kwa bunduki na farasi.

Ukweli: Hernán Cortés alishuka pwani ya Mexico mwaka 1519 na askari wapatao 500, hilo ni kweli. Wanaosahauliwa ni watu wa Tlaxcala. Nchi yao ilizingirwa na Wamexica, yaani Waazteki, watawala wa himaya hiyo na mji wake mkuu Tenochtitlan, hata chumvi ikawa adimu na watu wakazoea kula chakula chapwa. Walianza kwa kupigana na Cortés, kisha wakaona atawafaa dhidi ya adui wao wa miaka mingi.

Alipotimuliwa Tenochtitlan usiku wa 30 Juni 1520, mamia ya watu wake wakiuawa, alikimbilia wapi? Tlaxcala. Huko zikachongwa merikebu 13 za kuuzingira mji huo uliojengwa katikati ya ziwa. Zikafunguliwa vipandevipande, na maelfu ya wapagazi wakazibeba mabegani kuvuka milima hadi Texcoco, mji wa kando ya ziwa hilo, ubao kwa ubao. Mji ulipoanguka, 13 Agosti 1521, wengi kabisa wa waliouzingira walikuwa wenyeji. Picha za vitabuni zinampenda Cortés juu ya farasi, wapagazi hawamo.

Na ndui, haikuchangia? Ilichangia. Ilimuua Cuitláhuac, mrithi wa Moctezuma, mfalme wa Wamexica, baada ya siku kama 80 tu madarakani.

Dhana: Moctezuma alidhani Cortés ni mungu Quetzalcoatl.

Ukweli: Barua za Cortés kwa mfalme wake hazimtaji kabisa Quetzalcoatl, naye hakuwa mtu wa kuficha sifa zake. Hadithi hiyo ilikolea miongo kadhaa baadaye. Tena Moctezuma alimpelekea dhahabu akimsihi asifike mjini. Mungu gani huhongwa abaki huko huko pwani?

Dhana: Baada ya 1521 kila kitu kilikuwa mikononi mwa Hispania.

Ukweli: Nojpetén, mji mkuu wa Wamaya wa Itza katika Guatemala ya leo, ulitekwa mwaka 1697. Kaskazini mwa Mexico, Wachichimeka waliwasumbua Wahispania kwa miongo mizima, mpaka mwaka 1591 familia 400 za Tlaxcala zikapelekwa kuishi huko ili kuituliza nchi. Ziliondoka na hati iliyowaruhusu Watlaxcala hao kupanda farasi na kubeba silaha.