Imani katika shule za Kisabato: tunavyodhani na ilivyo

"Zamani shule zetu zilikuwa na moto wa kiroho, siku hizi ndio zimepoa."

Wanaosema hivi hawajasoma habari za Chuo cha Battle Creek, Michigan, Marekani. Chuo hicho, cha kwanza cha kanisa, kilifunguliwa mwaka 1874 ili kuandaa watenda kazi wa injili. Kikajengwa mjini bila shamba, Kilatini na Kigiriki vikatawala ratiba, na Biblia haikuwa somo la lazima. Migogoro ikazidi mpaka kikafungwa kwa mwaka mzima wa masomo, 1882 hadi 1883. Marekebisho yalichukua miaka. Shule ya kanisa ya Avondale, Australia, ilianza 1897 porini, kwa mpango wa kusoma na kufanya kazi. Mwaka 1901 chuo cha Battle Creek nacho kikahamia mashambani, Berrien Springs. Kwa hiyo kupoa si jambo la kizazi hiki, na jina la kanisa kwenye geti halijawahi kuzuia.

"Mambo ya kiroho ni kazi ya mchungaji wa shule."

Mchungaji ana vipindi vyake vya Biblia na mimbari ya Sabato. Mwalimu wa hesabu yuko na watoto kila siku, nao wanamsoma: anavyomjibu aliyepata sifuri, anavyoshika pesa za safari, anavyotoka nje simu ikiita kuhusu karatasi ya mtihani iliyovuja. Akianguka hapo, hata juma la maombi lenye mhubiri mashuhuri halisaidii kitu. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, uamsho wa shule unaanzia kwenye usaili wa walimu, mahali ambapo bodi nyingi huishia kuuliza vyeti.

"Wakibatizwa wengi, utume umefanikiwa."

Ubatizo ni furaha, sibishi. Lakini binti wa kidato cha nne anarudi kijijini ambako nyumbani hakuna Msabato mwingine. Je, wazazi walishirikishwa? Alipitia darasa la ubatizo, au alisimama kwa sababu rafiki zake wamesimama? Kuna kanisa la karibu lililopewa jina lake limpokee? Taarifa zetu hujaa idadi. Majibu ya maswali haya huyaoni.

"Wasio Wasabato wakiwa wengi, imani inazimika."

Wamisionari Carscallen na Peter Nyambo walipofika Gendia, magharibi mwa Kenya, mwaka 1906, palikuwa na Wasabato wangapi wa kufundisha? Shule ya Kamagambo, huko huko Kenya, 1913, isingeanza kama ingesubiri watoto wa waumini.

"Kazi za mikono zinapoteza muda wa masomo."

Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa, katika kitabu chake cha elimu cha mwaka 1903, aliweka mwili, akili na roho pamoja. Sisi tunawapa jembe waliochelewa kuamka, kisha tunashangaa vijana wakilichukia. Mwalimu mkuu akiingia shambani nao Jumapili asubuhi, na mboga hizo zikaliwa bwaloni, hakuna atakayeiita adhabu.